Nani mkali kati ya Rocky, Apollo na Drago? Mzazi, itazame kona

Nyumba yenye watoto wawili na runinga moja haikosi ubishi, na filamu za Rocky ni mafuta ya taa kwenye moto huo. Mkubwa anasema Ivan Drago hana mpinzani, ngumi yake moja inaua. Mdogo anasema mkali ni Rocky Balboa, maana huyo Drago alipigwa kwao Moscow mbele ya watu wake. Binamu aliyekuja likizo anawacheka wote wawili. Kwake yeye ni Adonis Creed tu, wengine wazee. Mama anapita na beseni la nguo, anawaambia wapunguze sauti.

Ubishi huu ni wa miaka mingi. Filamu ya kwanza, Rocky, ilitoka mwaka 1976. Ya tisa, Creed III, ilitoka mwaka 2023. Baba aliyeiona Rocky IV kwenye mkanda wa video akiwa na miaka kumi, leo anaitazama tena na mwanawe, na wanabishana yaleyale.

Swali la nani mkali si la kipuuzi. Mzazi anayejua kulijibu anapata nafasi nzuri ya kuzungumza na watoto mambo ambayo siku za kawaida hayana pa kuanzia. Ila jibu lake halipatikani kwa kupima misuli ya mabondia peke yake. Yuko mtu mwingine wa kutazamwa: yule aliyesimama kwenye kona ya ulingo na ndoo, sifongo na taulo begani.

Kwanza, watoto wapewe haki yao

Mtoto akiuliza nani mkali, asijibiwe kwa mahubiri. Ajibiwe alichouliza.

Kwa ufundi, Apollo Creed yuko mbele ya wote. Ana miguu myepesi, mkono wa kushoto unaopiga kama mjeledi, na maneno mengi yanayomkumbusha mtazamaji Muhammad Ali. Udhaifu wake ni majivuno. Katika filamu ya kwanza anamchagua Rocky kutoka kwenye orodha kwa sababu tu jina lake la ulingoni litavutia watu. Kocha wake anamwona Rocky kwenye runinga akipiga mizoga ya nyama buchani na anaingiwa na wasiwasi. Apollo ameshughulika na biashara ya pambano, hana muda wa kutazama.

Kwa ngumi moja, hakuna wa kumkaribia Ivan Drago wa Rocky IV ya mwaka 1985. Ni askari wa Umoja wa Kisovieti, mrefu, kimya, anapimwa kwa mashine na kuchomwa sindano. Ana serikali nzima nyuma yake. Lakini pambano linapomwelemea, kiongozi anashuka kumfokea, na ndipo Drago anapomkaba shingo na kupaza sauti kwamba anapigana kwa ajili yake mwenyewe. Kona yake ilikuwa imejaa watu, na hakuna aliyemjali.

Kwa njaa ya ushindi, ni Clubber Lang wa Rocky III ya mwaka 1982. Anajisifu kwamba anaishi peke yake na anafanya mazoezi peke yake. Anamwangusha Rocky katika raundi ya pili. Wanaporudiana, Rocky anamwacha apige mpaka achoke, kisha anammaliza katika raundi ya tatu. Lang alikuwa na mpango mmoja tu, na hakuwa na mtu wa kumwambia atafute mwingine.

Rocky mwenyewe, ukimpima kwa kipimo cha bondia, ni mzito na anakula ngumi nyingi ili apate nafasi ya kurusha yake. Alichonacho ni kifua na moyo wa kuvumilia. Watu wengi hukumbuka ngazi za Philadelphia na muziki, wakasahau kwamba katika filamu ya kwanza Rocky alishindwa kwa pointi. Usiku wa kuamkia pambano alimwambia Adrian kwamba anajua hawezi kumshinda Apollo. Alichotaka ni kumaliza raundi zote 15 akiwa amesimama, na alizimaliza.

Hapo ubishi wa sebuleni unaweza kufungwa: ufundi Apollo, nguvu Drago, uvumilivu Rocky. Kisha watoto waongezewe jambo moja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemaliza hadithi bila kupigwa. Apollo alishindwa, Rocky alishindwa, Lang, Drago, Adonis, Viktor, Damian, wote walishindwa siku moja. Kilichowatofautisha ni nani alikuwepo siku hiyo na alifanya nini.

Mickey, aliyependa mpaka akaficha

Mickey Goldmill ni kocha mzee, mkali, mwenye sauti ya kukwaruza. Kwa Rocky yuko karibu na kuwa baba. Katika Rocky III, Rocky ni bingwa wa dunia, anautetea mkanda wake mara kwa mara na kushinda, ana nyumba kubwa na sanamu yake inazinduliwa mjini. Lang anapojitokeza kumpa changamoto, Mickey anakataa pambano, na mwishowe anasema ukweli: wapinzani wale wote waliopita aliwachagua yeye. Walikuwa mabondia wazuri, ila si wa kumuumiza Rocky.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alishaona jinsi Apollo alivyomwumiza kijana wake, akataka abaki na afya na pesa zake. Mzazi gani hawezi kumwelewa? Ni yuleyule mama anayemalizia kazi ya shule ya mtoto usiku ili asiadhibiwe asubuhi. Ni baba anayempigia mwalimu simu kila mtoto anapokosa nafasi kwenye timu.

Ukitazama kwa makini, kinachomvunja Rocky si ngumi za Lang peke yake. Ni kutojua tena ushindi upi ulikuwa wake. Anaingia ulingoni akiwa na shaka, anaanguka katika raundi ya pili, na usiku huohuo Mickey anafariki katika chumba cha kubadilishia nguo. Rocky anapoteza mkanda, kocha na imani yake kwa siku moja.

Anayemwinua ni mkewe. Adrian, mwanamke aliyeanza hadithi akiwa na haya hata ya kutazama watu usoni, anamsimamisha Rocky ufukweni na kumbana mpaka aseme kinachomsumbua. Rocky anakiri kwamba anaogopa. Ni neno ambalo hakuna mwanamume yeyote kambini aliyemruhusu kulisema. Baada ya kulisema ndipo mazoezi yanapoanza kumwingia.

Mzazi atakuwa ameona hilo nyumbani. Mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba yeye ni jasiri hukosa mahali pa kuweka woga wake. Wakati mwingine anachohitaji ni mtu wa kumuuliza na kusubiri jibu.

Taulo ambalo Rocky hakulirusha

Kwa watu wa ndondi, taulo lina maana yake. Kona ikilirusha ulingoni, imesema basi, bondia wetu ameshindwa, pambano lisimame. Ni aibu ya dakika chache ili kuokoa maisha.

Katika Rocky IV, Apollo ameshastaafu, lakini anarudi kupigana na Drago huko Las Vegas. Linaitwa pambano la maonyesho, kuna wachezaji, kuna muziki, Apollo anacheza na kucheka. Raundi ya kwanza inamalizika akiwa ameumizwa vibaya. Rocky, aliye kwenye kona yake, anataka kusimamisha. Apollo anamkataza na kumtaka asisimamishe hata iweje. Raundi ya pili inaanza, Apollo hajilindi tena, kocha wake Duke anampigia Rocky kelele arushe taulo. Taulo liko mkononi mwa Rocky. Analishika, anasita, na Apollo anaanguka na kufa.

Rocky alitii alichoombwa na rafiki yake. Huo ndio uzito wa tukio lile: hakukosea kwa kutojali, alikosea kwa kuheshimu.

Jambo hili si la sinema tu. Tarehe 1 Oktoba 1975, nchini Ufilipino, Joe Frazier alipigana na Muhammad Ali raundi 14 katika joto kali. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba kiasi cha kutoona ngumi zinakotokea. Ilibaki raundi moja tu. Frazier alitaka kuendelea, na kocha wake, Eddie Futch, akakataa na kusimamisha pambano. Frazier aliishi mpaka mwaka 2011. Alikuwa mtu wa Philadelphia, na katika filamu ya kwanza ya Rocky anaonekana kwa muda mfupi, akiitwa ulingoni kabla ya pambano.

Mwaka 1982, bondia wa Korea Kusini, Duk-koo Kim, alipigana na Ray Mancini huko Las Vegas mpaka raundi ya 14, akaanguka, na akafariki siku chache baadaye. Baada ya kifo chake, mapambano ya ubingwa yalianza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Mtoto akiuliza kwa nini Rocky anapigana raundi 15 na mabondia wa leo 12, hilo ndilo jibu lake.

Katika Creed ya mwaka 2015, miaka 30 baada ya Rocky IV, Rocky anajikuta kwenye kona ya Adonis, mtoto wa Apollo, mjini Liverpool. Jicho la kijana limefumba, imebaki raundi ya mwisho. Rocky anasema anasimamisha pambano, kwa sababu lile la baba yake alipaswa kulisimamisha na hakufanya hivyo. Adonis anamwambia kwamba lazima athibitishe kuwa kuzaliwa kwake hakukuwa kosa. Safari hii Rocky anamtazama, anamsikiliza, na anamwachia aendelee. Adonis anashindwa kwa pointi, lakini anatoka akiwa amesimama.

Basi sheria ni ipi? Kusimamisha au kuacha? Watu wa kona wana kipimo chao. Bondia anayeshindwa kwa pointi hasimamishwi kwa sababu hiyo. Anasimamishwa yule ambaye hajilindi tena: mikono imeshuka, macho hayafuati, akiulizwa swali hajibu lililoulizwa. Apollo alikuwa amefika hapo. Adonis hakuwa amefika.

Mzazi anaweza kukichukua kipimo hicho na kukipeleka nyumbani. Mtoto anayepata alama za chini kwenye hesabu bado anapigana. Anahitaji maji na maneno mawili ya kumtia moyo. Mtoto ambaye halali, hali, hacheki na wenzake na haulizi tena chochote, huyo hajilindi. Kama ni shule ya bweni, kozi aliyochaguliwa au timu yenye kocha anayemtukana, hapo ndipo taulo linapohitajika. Na asisubiriwe aombe mwenyewe. Apollo hakuomba, wala Frazier hakuomba.

Baba wa watoto wa wengine

Filamu ambayo mashabiki huikimbia ni Rocky V ya mwaka 1990. Kwa ukurasa wa familia, pengine ndiyo inayouma zaidi. Rocky amefilisika, ubongo wake umeumia kwa ngumi za miaka yote, amerudi mtaa wa zamani. Anamchukua kijana mmoja, Tommy Gunn, na kumfundisha. Anamlaza nyumbani, anampa muda wake wote na hata vitu vyake vya thamani.

Wakati huo mwanawe mwenyewe, Robert, yupo shule mpya na anapigwa na wanafunzi wenzake. Anatafuta nafasi ya kumweleza baba, haipati. Anajifunza kujitetea bila yeye, kisha anaanza kutafuta marafiki nje. Tommy, baada ya kupata alichotaka, anamkimbia Rocky na kumfuata promota mwenye pesa. Adrian ndiye anayemwambia Rocky usoni kwamba anaipoteza familia yake kwa ajili ya kijana asiye wake. Rocky anamwomba mwanawe msamaha.

Walimu, makocha, viongozi wa dini na wazazi wanaosaidia kila mtu mtaani wanaijua hadithi hii. Wanasifiwa msibani na harusini, na nyumbani kuna mtoto anayesubiri zamu yake.

Mwaka 2006, katika Rocky Balboa, Adrian ameshafariki, Rocky anaendesha mgahawa wenye jina la mkewe, na Robert ni mtu mzima anayelalamika kwamba kivuli cha baba yake kimemfunika. Rocky anamjibu barabarani kwa maneno ambayo mpaka leo yanazunguka kwenye simu za watu, kwamba kinachohesabiwa ni kiasi gani unaweza kupigwa na bado ukasonga mbele. Ni hotuba nzuri. Robert anabadilika, anakuja kwenye kona ya baba yake.

Lakini wanaosambaza kipande hicho cha video mara nyingi hawaendelei na hadithi. Katika Creed, Robert amehamia Canada. Katika Creed II ya mwaka 2018, Rocky hajawahi kumwona mjukuu wake uso kwa uso. Anasitasita kupiga simu. Mwisho wa filamu ndipo anapopanda mlango wa mwanawe na kubisha. Hotuba moja ilimwamsha kijana kwa siku moja. Kubisha hodi kulichukua miaka.

Mwanamke aliyefungua mlango

Yuko mtu mwingine ambaye watoto hawamtaji wanapobishana, kwa sababu hajawahi kuvaa glavu. Ni Mary Anne, mjane wa Apollo.

Adonis ni mtoto ambaye Apollo alimzaa nje ya ndoa, na alizaliwa baba yake akiwa ameshafariki. Mama yake naye akafa. Creed inaanza akiwa mvulana mdogo kwenye kizuizi cha watoto, amefungiwa kwa kupigana. Mary Anne anafika pale, anamweleza yeye ni nani, na anamchukua kwenda kuishi naye. Mtoto yule ni ushahidi wa kusalitiwa kwake, na bado anamlea kama wake.

Hapendi kabisa Adonis awe bondia. Anamkumbusha hali ambayo baba yake alirudi nayo nyumbani baada ya mapambano, na kwamba yeye mkewe ndiye aliyemhudumia. Wanagombana, kijana anaondoka. Hata hivyo, kabla ya pambano la Liverpool, anamtumia bukta yenye rangi za baba yake. Hajabadili mawazo kuhusu ndondi. Amemjulisha tu kwamba mlango haujafungwa. Wazazi wenye watoto waliochagua njia wasiyoipenda wangefanya vyema kumtazama mama huyu mara mbili.

Drago na taulo lake

Sasa turudi kwa Ivan Drago, yule ambaye mkubwa wa nyumba anadai ni mkali kuliko wote.

Creed II inamkuta Ukraine akiwa mzee. Baada ya kushindwa na Rocky alipoteza heshima, na mkewe Ludmilla alimwacha yeye na mtoto. Amemlea mwanawe Viktor kwa kusudi moja: arudishe kile ambacho baba alipoteza. Viktor ni mkubwa na ana nguvu kuliko Adonis. Katika pambano la kwanza anamvunja mbavu, na anakosa mkanda kwa sababu tu alimpiga akiwa ameshapiga goti chini. Lakini ukimtazama usoni, hana furaha ya mchezo. Anapigana deni la baba.

Pambano la marudiano linafanyika Moscow. Ludmilla amekuja, amekaa mbele na wakubwa, kwa kuwa sasa mtoto aliyemwacha ana jina. Viktor anapoanza kuzidiwa, mama anainuka na kuondoka. Viktor anageuka, anaona kiti kitupu. Baba naye anakiona. Kuanzia hapo kijana anaendelea kusimama, maana hakufundishwa kuanguka, lakini mikono yake hailindi chochote.

Ivan Drago anarusha taulo.

Ni mtu yuleyule ambaye mwaka 1985 alimtazama Apollo akifa na hakuonyesha kujuta. Anapanda ulingoni, anamkumbatia mwanawe aliyejaa aibu na kumwambia hakuna ubaya. Kwa kulirusha anajua amepoteza kila kitu alichotafuta kwa miaka 30: heshima, wakubwa waliomrudia, mke. Anabaki na mtoto. Mwishoni tunawaona baba na mwana wakikimbia mazoezi pamoja.

Mtoto akisema Drago ndiye mkali kuliko wote, mzazi anaweza kumkubalia, kisha amwonyeshe tukio hili. Katika filamu zote tisa, Rocky alilishika taulo na hakuweza kulirusha. Drago aliweza.

Binti anayetazama

Creed III inaipeleka kona nyumbani kabisa. Adonis amestaafu, anaishi na mkewe Bianca na binti yao Amara, ambaye hasikii. Familia inazungumza kwa lugha ya ishara. Amara anampiga mtoto mwenzake shuleni. Bianca ana wasiwasi. Adonis anaona si vibaya binti kujua kujitetea.

Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba Adonis mwenyewe ana siri. Utotoni, yeye na rafiki yake Damian walikutana na mtu aliyewahi kuwatesa kwenye makazi ya watoto. Adonis akamvamia, Damian akatoa bastola kumlinda, polisi wakafika, Adonis akakimbia. Damian akafungwa miaka 18. Adonis hajawahi kumweleza mkewe. Damian anaporudi kudai nafasi aliyoipoteza, Adonis anajibu kwa njia moja tu anayoijua, ngumi.

Amara hakujifunza kupiga kutoka ulingoni peke yake. Aliishi na baba ambaye jambo likimuuma hasemi. Mpaka Adonis anapomsimulia Bianca yote ndipo anapoanza kuwa na kitu cha kumfundisha binti yake zaidi ya ngumi.

Kabla ya kuwasha runinga

Kwa kipimo cha Marekani, filamu nne za kwanza na Rocky Balboa ziliwekwa kundi la PG, yaani mzazi awe na uangalizi. Rocky V na Creed zote tatu ni PG-13, yaani uangalizi zaidi kwa walio chini ya miaka 13. Alama hiyo isimlaze mzazi usingizi: Rocky IV ni PG, na ndiyo ambayo mtu anauawa ulingoni. Mwenye mtoto mdogo au aliyefiwa karibuni aitazame kwanza mwenyewe.

Baada ya filamu, watoto wataanza kupigana ngumi za mchezo kwenye korido. Waruhusiwe kucheka, wakatazwe kichwani. Mtoto aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, akatapika, akachanganyikiwa au akasinzia isivyo kawaida apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema yuko sawa. Rocky naye katika Rocky V alikuwa akisema yuko sawa.

Kisha maswali machache yanatosha kuanzisha mazungumzo. Mickey alikosea wapi? Clubber Lang alikosa nini? Ungekuwa Rocky, na rafiki yako amekukataza, ungerusha taulo?

Mzazi aulize na kunyamaza. Watoto watabishana kwanza, kisha mmoja wao, pengine yule mpole, atageuza swali: na wewe mama, na wewe baba, ungenirushia mimi? Ni vizuri kuwa na jibu kabla hajauliza, na ni vizuri zaidi ajue kwamba siku hiyo ikifika hatagombezwa kwa kushindwa.